Kidole Gumba

Mfuko niliupata dukani Kuressaare,
kijani hafifu, laini kama utando wa yai,
na ubavuni umeandikwa: Nitarudi udongoni.
Nilicheka pale pale kwenye foleni.
Hata mchungaji wetu, anapozika,
haahidi kwa herufi nono kiasi kile.

Kazi yangu ni kungoja.
Chuo kinanilipa nifukie vitu,
niandike tarehe, nifukue.
Nilikata vipande kumi na viwili:
vinne chini ya viazi, nyuma ya kibanda cha moshi,
vinne baharini, ndani ya wavu uliofungwa gatini,
vinne juu ya ua, vichapwe na jua na theluji.

Na kwa kuwa kila jaribio linataka shahidi,
kitu ambacho hakuna anayebisha kwamba kitaoza,
nilitafuta kitambaa cha pamba, nikakikosa,
nikachukua glavu ya sufu ya baba,
ya kushoto. Ya kulia aliipoteza mwenyewe
mwaka ule wa barafu nyembamba.
Sikufikiri sana. Ilikuwa Oktoba,
mvua inanyemelea, na koleo liko mkononi.

Plastiki hii, tuseme haki, si mwongo mtupu.
Mama yake ni wanga wa mahindi,
na ipo nyumba moja ambamo hutimiza neno:
kiwanda cha mboji, ng'ambo, bara,
ambako lundo huchemka nyuzi hamsini na nane
wiki baada ya wiki, likigeuzwa, likinyweshwa,
mpaka minyororo ikatike pingili kwa pingili
na vijidudu vije kumalizia karamu.
Huku kwetu udongo ni baridi kama sakafu ya kanisa.
Bahari, mwezi wa Aprili, ni nyuzi nne.
Nani atafungua minyororo
kwa vidole vilivyokufa ganzi?

Mwaka wa kwanza, wa baharini ulivaa mwani,
kome wadogo wakajishikiza kama vifungo.
Nikaupangusa ule utelezi: ukang'aa, mpya.
Wa uani ulikakamaa, ukapasuka,
upepo ukaugawa kwa majirani.
Maimu aliokota vipande viwili kwenye kitalu chake cha bizari,
akaniletea ndani ya bahasha, bila salamu.
Hakusoma kemia, lakini anajua
kumeguka siko kuoza.
Kilichomeguka kimezaa tu.

Mwaka wa pili maneno yalifutika.
Kwanza "udongoni", halafu "nitarudi".
Wino ulioza, ukatimiza ahadi iliyokuwa ya mwingine.
Mfuko ukabaki, bubu,
na bado ungeweza kubeba viazi.
Najua, kwa sababu nilivibeba.

Kisha nikafukua upande wa shahidi.
Sufu hakuna. Nyungunyungu wanene, udongo mweusi,
harufu nzuri kabisa, ile ya msitu baada ya mvua.
Fomu inauliza: Shahidi ameoza? Ndiyo. Hapana.
Nilikuwa nimeshaandika "Ndiyo"
ndipo koleo likanasa kitu.

Uzi wa nailoni.
Baba aliposhona pale gumba lilipotoboka
hakutafuta sufu; alitumia alichokuwa nacho mfukoni,
uzi wa kuvulia sangara,
akazungusha, akazungusha, fundo, akakata kwa meno.
Glavu imekwenda. Mshono umesimama peke yake,
pete ya hewa,
kipimo sahihi cha mtu.

Mimi, niliyepeleka ripoti nne juu ya ukaidi wa plastiki,
nilipiga magoti kwenye tuta la viazi
na sikutaka uoze.

Kwenye fomu sikuuandika.
Nikautemea mate, nikausugua kwa upindo wa koti,
nikaingiza gumba langu.
Ulipwaya.